Kwa Baba, Aliyesema Mkimbiaji Hapewi Kombe

Baba yangu,

Leo Ijumaa. Sinia limeshaondolewa, kahawa tumekunywa na Mama amejilaza kidogo. Nimekaa kwenye kiti chako, kile ulichotukataza. Ungeniona ungekohoa tu, nami ningenyanyuka.

Waliokuja kutupa mkono wa pole walikutaja kwa mengi: duka lako la vipuri hapa mjini, mtaa wa Hamriya, swala zako, ukali wako kwa mtu anayechelewa. Hakuna aliyetaja kwamba mzee wa kofia na kanzu, ambaye Marekani hakuifikia hata kwa ndoto, alikuwa na maneno makali kuhusu mpira wa yai wa Wamarekani. Hilo lilikuwa letu sisi wa ndani.

Aliyetuletea balaa hilo ni Nassor, ulipompeleka kusoma huko miaka ya tisini. Watoto wa wenzako walituma picha. Kaka yangu akatuma mikanda ya video. Wa kwanza ulitoa mistari mitupu, ikabidi uende Ruwi kwa yule Mhindi ukanunue deki inayosoma mikanda ya kule. Ulinung'unika njia nzima mpaka nyumbani Khuwair. Ijumaa iliyofuata ulikuwa wa kwanza kukaa.

Mikanda ilikuja mikononi mwa wasafiri, wiki mbili tatu baada ya mechi kuchezwa. Kwa hiyo ukaweka sheria: mechi ambayo haijatazamwa nyumbani kwako haijachezwa. Nassor akipiga simu alikuwa akiuma ulimi, kwa sababu kutaja matokeo mbele yako ilikuwa kama kutukana mezani. Mama naye, aliyekuwa akimwonea huruma kila anayeangushwa, alianza kuomba dua katikati ya mchezo. Likizo moja Nassor akamcheka, akamwambia mechi yenyewe ilikwisha tangu mwezi uliopita. Mama hakubabaika. "Na Mungu alijua tangu mwezi uliopita kama leo ntaomba," alimjibu. Ulicheka hadi kofia ikaanguka. Nakikumbuka kicheko kile kuliko mechi zote.

Ugomvi wenu wewe na Nassor ulikuwa mmoja, miaka yote. Kuna yule mchezaji anayepewa mpira kwanza, kwotabeki, anayesimama nyuma ya ukuta wa wenzake akitafuta wa kumrushia. Wengine husimama hapo hapo mpaka warushe. Wengine, ukuta ukitikisika, hukumbatia mpira na kukimbia nao wenyewe. Nassor aliwapenda hao wakimbiaji. Wewe uliwakataa. Ulisema watakupa raha msimu mzima, watawachezesha watu kindumbwendumbwe, lakini mkimbiaji hapewi kombe. Nassor akakuuliza, ukuta ukivunjika afanye nini?

"Asimame," ulisema. "Akiangushwa, aangushwe mahali pake."

Nilidhani ni ubishi wa wanaume tu. Mpaka Ijumaa ile, mkimbiaji mmoja alipotoka mbio, wenzake wakabaki nyuma wamelaliwa chini, na uwanja mzima ukasimama kumshangilia. Ulinyanyuka ukazima deki. Ukaenda kutawadha, na Alasiri ilikuwa mbali bado. Nilipokuletea taulo ulikuwa umekaa kwenye ukingo wa bafu, maji yanatiririka bure, wewe uliyetugombeza kwa kila tone.

Hukuniangalia. Ukanihadithia Unguja, siku za yale mapinduzi, ulipokuwa kijana ambaye ndevu hazijajaa. Walikuja kubisha mlango wa mbele, na bibi, mama yako, akakusukuma utokee uani. "Nikamwambia nnarudi sasa hivi," ulisema. "Nikakimbia, mwanangu. Sikurudi. Hata kaburi lake silijui." Kisha ukafunga bomba na ukaniomba nisimwambie Nassor, kwa sababu Nassor angeacha kubishana nawe, na ubishi ule ulikuwa unaupenda.

Sikumwambia. Lakini tangu siku ile sikuweza tena kutazama kama zamani. Kila mkimbiaji nilimtakia ushindi kwa moyo wangu wote, na kila mwaka walifika karibu wakashindwa. Ukisema "si nilikwambieni," niliisikia sauti yako haina furaha hata chembe. Ulikuwa unasubiri mmoja akukanushe, Baba. Nami nilikuwa nawachukia wote kwa kushindwa kufanya jambo hilo moja dogo.

Ndipo ukaja mwaka ulipougua. Moyo, walisema, umechoka. Na mwaka huo huo, kana kwamba kuna aliyepanga, mkimbiaji akafika fainali. Nassor alikupigia hospitalini kukwambia tu kwamba mkanda unakuja na msafiri. Nilikuwa nimekushikia simu sikioni. Ulimjibu taratibu, ukavuta pumzi katikati ya maneno: "Safari hii nnataka ashinde yule anayekimbia." Nassor mechi alikuwa ameshaiona. Akasema, "Inshallah, Baba," na sauti yake nikaisikia hata mimi, nami nikaikata simu upesi kabla hajaongeza neno.

Ulinitazama. Uliniuliza kama nimesikia lolote la matokeo. Nikasema sijasikia, na ilikuwa kweli. Ukasema basi vizuri, tutatazama Ijumaa.

Hukuifikia Ijumaa. Mkanda uliletwa siku ya pili ya msiba, na mtu asiyejua, aliyekuja kwa furaha mpaka alipoona viatu vilivyojaa mlangoni. Akaupachika mkononi mwangu pamoja na pole yake. Nassor naye akafika, macho yamemvimba, na tulipobaki wenyewe nikamhadithia habari ya bafuni, kwa kuwa sasa hapakuwa na ubishi wa kuulinda. Alilia kama mtoto. Alisema angejua asingekubishia hata siku moja. Nikamwambia ndiyo sababu hukutaka ajue.

Kisha akafungua kinywa atuambie matokeo. Mama akamzuia kwa mkono. "Baba yako hajatazama," alisema.

Miaka imepita. Deki imekufa, siku hizi watu wanatazama kwenye kompyuta, na ningetaka kujua ningejua kabla kahawa haijapoa. Sitaki. Nakukasirikia wakati mwingine, Baba, kwa kubeba peke yako kitu kizito hivyo na kukiita mpira. Ningekwambia siku ile bafuni, laiti ulimi wangu ungekuwa mwepesi: bibi alikusukuma kwa mkono wake mwenyewe. Alitaka ukimbie. Ulikimbia, ukavuka bahari, ukafika huku, ukatuzaa, na leo sinia lilikuwa dogo kwa watu walioletwa na mbio zako. Badala yake nilikupa taulo.

Ijumaa iliyopita mume wangu alikuwa akitafuta pasi kabatini, akautoa ule mkanda. Akausoma ubavuni, akauliza nani alishinda. Nassor, aliyekuja likizo, akainamisha kichwa. Mimi nikakitazama kiti chako. Mama alikuwa akichambua tende, hakunyanyua hata uso.

"Hawajacheza bado," alisema. "Wanamngoja mwenyewe."

Mume wangu akaurudisha kabatini, taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba anacholala mgonjwa.

Mungu akulaze pema, Baba, karibu na mama yako. Ukimwona, mwambie umerudi.

Mimi binti yako,
mshika taulo