Mama Yake Niko Hapa

Taiping, mvua inanyesha

Mdogo wangu Gaik Sim,

Pokea salamu kutoka nyumba hii inayovuja. Goti lako linaendeleaje? Kama bado unalipaka mafuta ya yule tapeli wa Medan, acha, mwenyewe anachechemea. Mimi mzima wa mwili. Meno yamebaki ya mbele tu, ya kung'atia watu. Anayeniandikia ni Bi Teoh wa duka la dawa, na nimemwonya asinipambie maneno, ayaweke yanavyotoka.

Uliniuliza kwenye simu kuhusu Guat Lean na kile kiti, nikakujibu wamemwona mzee mno. Nilikudanganya. Kaa chini nikueleze.

Tangu astaafu benki, mwanangu huyu alikuwa na hamu moja: kuingia kwenye bodi ya kampuni kama mjumbe wa nje. Si wa kuajiriwa, si wa kuendesha kiwanda. Ni wa kukaa mezani na wakubwa, kuwauliza maswali na kuwazuia wasipotee. Nilimwambia kazi hiyo mimi nimeifanya bure maisha yangu yote. Akacheka mpaka akapaliwa na kahawa. Lakini hakuwa na mzaha, Sim. Mumewe amekufa, watoto wako Australia, na mtu aliyezoea kuombwa ushauri haulizwi tena hata samaki gani wanunuliwe. Alikuwa ananyauka mbele ya macho yangu.

Akaenda kwa Bi Rohaya, bosi wake wa zamani, ambaye mwenyewe anakaa kwenye bodi. Rohaya akamwambia viti hivyo havitangazwi, vinanong'onwa. Basi asione haya, amwambie kila mtu kwamba anakitaka, maana asiyejua una njaa hatakukaribisha mezani. Akamwambia aanzie pa bure, kwenye kamati ya nyumba ya wazee, watu wamwone akifanya kazi. Yale maelezo yake ya kazi, marefu kama mkufu wa bibi harusi, akamkatia yakaenea ukurasa mmoja: acha kusimulia ulifanya nini, sema utawaokoa na nini. Guat Lean akatii yote. Akasoma kozi ya wakurugenzi pamoja na vijana waliomwita Anti. Akasoma hesabu za kampuni moja ya glavu za mpira mpaka akawa anaziota. Mwisho, kupitia kwa Rohaya, jina lake likamfikia mwenyekiti wa kampuni hiyo, Datuk Yeap, mwenye cheo cha heshima. Kamati ya bodi ikamhoji, ikampenda. Likabaki jambo moja: Datuk Yeap ni mtu wa zamani, hampi mtu kiti kabla hajanywa chai nyumbani kwa mtu huyo.

Basi akaja kwetu. Nilipika keki nyekundu za umbo la kobe mpaka mikono yangu ikawa kama ya mchinjaji. Guat Lean akanitambulisha: huyu ni Shangazi.

Wewe unajua kwa nini. Yule mpiga ramli wa hekaluni alisema kwa kalenda yetu mimi ni wa mwaka wa nyani na mtoto ni wa mwaka wa chui milia, nyota zetu zitagombana mpaka mmoja amle mwenzake, isipokuwa mtoto asiniite mama. Watoto wangapi mtaani kwetu waliwaita mama zao shangazi? Nikatii kama wenzangu. Alipoanza kusema, kila akitamka "mama" nilimziba mdomo kwa kiganja. Ameniita Shangazi mpaka naye ameota mvi, nami nimeitika.

Datuk Yeap hakujua. Alikula, akasifu mkono wangu, kisha akasema, kwa wema kabisa, kwamba inasikitisha mama mzazi hakuishi akaiona siku hii. Nikamtazama Guat Lean. Guat Lean akatazama kikombe. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Ndiyo, Datuk."

Sim, nikasema, "Mama yake niko hapa."

Mzee akaweka kikombe chini. Nikamweleza habari ya nyota, akaitikia kwa kichwa, akasema hata kwao yalikuwepo hayo. Aliaga vizuri. Lakini baadaye Rohaya akaleta jibu. Datuk amesema desturi anaielewa, hana neno nayo. Ila kiti kile ni cha mtu atakayemwambia mwenyekiti "hapa umekosea" wengine wakiwa wamenyamaza, na huyu alimwacha yeye Datuk amzike mama yake akiwa hai, eti asimharibie chai.

Guat Lean hakulia. Alisimama jikoni akaniambia, "Mpiga ramli alisema kweli. Umenila." Akasema kule kunyamaza nilimfundisha mimi, kwa kiganja changu mwenyewe. Kesho yake akahamia Ipoh, nyumba ya kupanga.

Sasa sikiliza hili, maana sijamwambia mtu, na hata kalamu ya Bi Teoh imesita. Watakaosikia watasema bibi kizee alitetea ukweli. Uongo mtupu. Ukweli sikuuwaza. Nilijua kabisa kwamba nikifunga mdomo anakipata kiti chake. Lakini kusikia mtoto wangu akiitikia kifo changu, Sim, nilitaka mara moja tu, mbele ya mgeni, niwe mama yake. Nililitaka hilo kuliko nilivyotaka yeye apate. Mama gani huyo? Niambie wewe, mimi naogopa kujijibu.

Simu hajaacha kunipigia, kila jioni. Lakini Shangazi haniiti tena. Mama pia haniiti. Nikiinua simu, pale mahali pa jina ananyamaza kidogo, nasikia anavyopumua, kisha anauliza, "Umekula?" Nami namjibu nimekula, hata kama sufuria haijaona moto.

Wasalimie wakwe zako wote, hata yule mwenye mdomo kama tarumbeta. Vaa soksi ukilala, na usinijibu kwa huruma. Nijibu kwa ukweli.

Ni mimi dada yako, niliyenyonya nawe ziwa moja,
Gaik Hong