Mlima wa Mama Kabula

Jumamosi, 7 Juni

Nimetoka Butimba na baiskeli jua halijawa kali. Nyegezi, Buhongwa, Usagara, kisha nikaacha barabara kuu na kushika lami ya Nyabulanda. Mlima uleule. Gia ndogo, kichwa chini, matusi kimoyomoyo hadi kona ya mwisho. Miaka sita naupanda kila Jumamosi na bado unanidharau.

Juu, langoni kwa Mama Kabula, mtungi ulikuwa mahali pake na kata juu ya mfuniko. Maji ya mpita njia yeyote. Nimeamkia, nimekunywa. Mumewe, Mzee Masanja, alikuwa kwenye kigoda, mguu umevimba kuliko wiki iliyopita. Ameniuliza tena kwa nini mwalimu mzima anavaa nguo ya ndani kwa nje, yaani kaptula yangu ya baiskeli inayobana. Mimi nacheka. Yeye hacheki, anangoja jibu.

Raha yangu ya wiki nzima iko pale. Kesho kuna kikao cha klabu ya baiskeli, na Deo amerudi.

Jumapili, 8 Juni

Deo ni mwenyekiti wetu. Kazaliwa Kirumba, kakulia Kirumba, hapahapa Mwanza, na amekaa Italia wiki mbili akiendesha baiskeli kwenye vilima vya Toscana. Sasa hatuna amani. Anasema "kule kwetu" akimaanisha kule. Chai ya tangawizi hakuigusa. Alitoa kifaa chake cha kahawa begani, akakichemsha mbele ya wote, akaanza kunielimisha. Mimi. Mhaya, niliyezaliwa katikati ya mibuni, ambaye bibi yangu alinitafunisha kahawa kabla meno hayajakamilika.

Tuliangalia picha zake. Mizabibu, vijiji vya mawe vileleni, barabara nyembamba inajizungusha kilimani. Pazuri, sikatai. Kinachonikera ni yeye kusimama mbele katika kila picha.

Halafu habari yenyewe. Wageni sita wanakuja, Waitaliano, kujaribu njia zetu. Wakiipenda mojawapo wataleta wenzao kila mwaka. Deo ameshachagua: Nyabulanda. Ameuona kwenye simu, katika safari ninazorekodi mwenyewe. Hakuniuliza. Wote walipiga makofi. Nilihisi kama mtu amefungua kabati langu la nguo.

Alhamisi, 12 Juni

Deo amempigia mtendaji wa kijiji. Anataka wanakijiji wajipange pande zote mbili za barabara siku ya wageni, wapunge mikono na kupiga vigelegele, kwa sababu kwenye mbio za Ulaya milima hujaa watu. Mtendaji kamjibu ataangalia.

Nikamweleza adabu ya njia ile. Ng'ombe wakivuka, unashuka. Wazee wakiwa njiani, unapunguza na kuamkia. Ukikuta msiba, unashuka, unavua kofia, unakokota baiskeli hadi uwapite watu. Hata bodaboda wenye fujo zote hushuka, nimewaona kwa macho yangu.

"Mwalimu, usituletee ushamba," alisema. "Hii ni spoti."

Nimelala na hasira.

Jumamosi, 14 Juni

Klabu nzima imekwenda kuukagua mlima. Sina hamu ya kuandika lakini nisipoandika nitatapika.

Deo anapenga kamasi kwa kidole kimoja huku akiendesha, bila kutazama nyuma. Upepo ukaniletea. Mwingine alikojolea ua wa mkonge wa mtu, mlango wa nyumba ukiwa wazi. Vile vipakiti vya jeli ya sukari wanavyofyonza, wakifika nusu wanavitupa. Vinanata kwenye majani, nzi wanavikimbilia. Nimeviokota kwa mkono na mfuko wa nyuma wa jezi yangu sasa unanuka ndizi bandia.

Langoni kwa Mama Kabula walishuka wote kwa mara moja. Kata ipo, wanaiona. Deo alizamisha chupa yake mtungini, pamoja na mkono, hadi kwenye kiwiko. Jasho, vumbi, kamasi, vyote vikaingia. Wenzake wakafuata. Mama Kabula alisimama akitazama. "Wabeja, karibuni tena," akasema, shukrani ya Kisukuma, sauti ileile ya siku zote. Tulipoanza kuondoka niligeuka nikamwona anamwaga maji yote chini ya mpapai.

Hakuna aliyeona isipokuwa mimi. Au hakuna aliyejali.

Jumatano, 18 Juni

Mzee Masanja ameletwa hospitali mjini. Nimepeleka uji. Kabula, binti yake, yuko naye usiku na mchana, macho yamekuwa mekundu. Mzee alinitazama. Nilikuwa nimevaa gauni. Hakuuliza kitu. Ningefurahi kama angeuliza.

Nimemwomba Deo abadilishe njia, awapeleke wageni Igombe, ufukweni. Kasema ufukwe ni tambarare.

Jumamosi, 21 Juni

Wageni wamefika. Tumekula nao sato wa kukaanga Mkuyuni. Watu wazuri, wakimya. Mkubwa wao anaitwa Pietro, ana mizeituni kwao na viganja vya mkulima. Alikula samaki kwa mikono bila kufundishwa, akanyonya mifupa ya kichwa. Deo alikula kwa uma.

Nimempigia Kabula mara kadhaa. Hapatikani.

Jumapili, 22 Juni

Deo aliongoza na wageni watano. Mimi nilibaki nyuma na Pietro, ambaye magoti yake ni ya umri wake. Kona ya tatu hivi, gari likaja nyuma yetu taratibu. Pikapu. Matawi mbele, taa zinawaka mchana. Nikashuka. Kabla sijamweleza lolote, Pietro naye alikuwa ameshashuka na kuvua kofia.

Nyuma ya pikapu kulikuwa na jeneza, na kando ya jeneza kakaa Kabula.

Aliniona. Gari likapita.

Nikainua macho. Pale juu watu wa Nyabulanda walikuwa wamejipanga kandokando ya barabara kumpokea mzee wao. Wanaume wamesimama, wanawake wamejifunika kanga. Kimya. Na katikati yao anapita Deo. Ameachia usukani, ameinua mikono yote miwili, anawahimiza wapige kelele. Wageni nyuma yake wanapunga, wanatabasamu, wanasema asante, asante. Mtoto mmoja aliinua mkono kuwajibu. Mama yake akaushusha.

Alidhani ni watu aliowaagiza.

Tulifuata jeneza kwa miguu, mimi na Pietro. Viatu vya baiskeli vina chuma chini, vinagonga lami ka, ka, ka. Sauti pekee iliyokuwepo. Nilitamani nivue nitembee peku, na ningevua kama ningekuwa na akili wakati ule. Pietro alisema kwa Kiingereza cha kuungaunga kwamba kijijini kwao msafara wa maiti ukipita kila mtu husimama, hata mashindano yakiwapo. Akauliza kama Deo hakujua. Nikaendelea kukokota baiskeli.

Langoni mtungi haukuwapo.

Mwanamke nisiyemjua alinitupia kanga nijifunge kiunoni. Nikakaa na wanawake. Mama Kabula hakunitazama. Mzee mmoja akaja akaniuliza kwa upole, na upole wake ndio ulioniua: "Wale ni wenzako, Mwalimu?"

Nikasema ndiyo, ni wenzangu.

Tumemzika mchana. Deo tulimkuta chini, Usagara, anakunywa soda na anasimulia mapokezi. Nilimwambia mbele ya wageni wake kwamba yale hayakuwa mapokezi, na nani amekufa. Wageni waliinamisha vichwa, mmoja akaanza kulia. Deo alimaliza soda yake. Kisha akasema, "Sasa mimi ningejuaje? Mtendaji kapiga, lakini simu ilikuwa inarekodi video."

Nilichukia, nikapanda baiskeli nikawaacha.

Jumanne, 24 Juni

Pietro na wenzake wamekwenda kutoa pole kabla ya kusafiri. Walikwenda kwa gari, wamevaa suruali ndefu. Niliwafasiria. Mama Kabula aliwapokea, akawapa viti. Mimi alinijibu salamu, basi.

Jioni Deo ameweka video mtandaoni. Ametia muziki. Nyuso za wafiwa zinapita moja baada ya nyingine, halafu mikono yake juu, halafu maandishi: Mwanza inatupenda. Nimemwambia aitoe. Ananijibu imependwa na watu wengi na haioneshi jeneza.

Nimejitoa kwenye klabu. Jezi yao nimeifanya tambara la kufutia mnyororo. Hata hivyo naona kinyaa kuishika.

Jumamosi, 28 Juni

Mtendaji amenipigia. Kijiji kimekaa. Baiskeli za mbio zisipite tena Nyabulanda, za mgeni wala za mwenyeji. Alisita, kisha akaongeza kuwa na mimi nimo, samahani sana Mwalimu, wamesema zote.

Sikubishana. Wana haki. Nililia jikoni nikiwa nimeshika ndala.

Deo amesikia. Ametuma ujumbe kwamba milima iko mingi. Nimeusoma mara moja nikaufuta. Mtu wa namna hii hata ukimchukia anakuchosha.

Jumamosi, 5 Julai

Sikwenda popote. Nimeosha baiskeli ambayo haikuwa na uchafu.

Jumapili, 6 Julai

Baada ya ibada nilishindwa kukaa nyumbani. Nimeendesha hadi chini ya mlima, nikaiacha baiskeli kwenye mashine ya kusaga. Nikavaa gauni juu ya ile nguo ya ndani ya nje, nikabadili viatu, nikaanza kupanda kwa miguu.

Sikuujua mlima ule. Kumbe kona ya pili kuna chemchemi. Kumbe kuna mahali ziwa linaonekana lote, na mawe yake. Miaka sita nimekuwa nikitazama gurudumu la mbele. Watu waliniamkia, nami nikapata muda wa kusikia majina yao.

Mama Kabula alikuwa uani anamenya viazi vitamu vya michembe, vya kukatwa vipande na kukaushwa, peke yake, rundo kubwa. Shikamoo. Marahaba. Akanisogezea kigoda. Nilikijua kigoda kile cha Mzee, nikasita kukikalia. Akasema kaa. Nikakaa, nikachukua kisu. Tumekata viazi, tumevianika juu ya jiwe. Aliuliza nimepanda na nini. Nikamwambia miguu. Akatazama viatu vyangu, akaendelea kukata.

Wakati wa kuondoka nilisimama langoni. Pale penye mtungi pamebaki duara kwenye udongo, bado halijafutika. Aliniona napatazama.

"Nimeuingiza ndani," alisema. "Wewe ukija, usiishie hapa mlangoni. Ingia ndani unywe."

Nikarudi nikaingia, nikanywa kwa kata, maji ya baridi.

Nimeteremka kwa miguu, magoti yakilalamika. Baiskeli niliikuta palepale mashineni, imejaa unga.