Santuri ya Bi Zeyana Iliyorekodiwa River Road

Ibra, Jumamosi baada ya alasiri

Mama yangu kipenzi,

Assalaam aleikum. Shikamoo mama, nakubusu mikono yote miwili na kipaji cha uso. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaitumia, au umeitia kabatini pamoja na zile nyengine? Na baba, kifua kimempoa? Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Joto limeanza kulegea, asubuhi mtu anaweza kukaa nje akanywa kahawa yake bila ya kujiona anaokwa.

Nimesikia umenuna. Dada kanihadithia maneno yako yote: "Mtu kafika Nairobi, hapo pua na mdomo na Unguja, karudi zake Oman bila ya kuja kumtazama mamake!" Haki yako mama, ningekuwa mimi ningenuna zaidi. Lakini kila nikipiga simu nikueleze, unampa dada simu. Ndiyo maana naandika. Barua hii anakuletea Bi Shemsa, anayesafiri kuja huko, mkononi mwako, pamoja na halua, nawe keti uisome mpaka mwisho.

Mkwe wangu Bi Zeyana unamjua kwa jina tu, hujapata kumsikia akiimba. Huku Ibra mpaka Samad Ash Shan, harusi ya watu wetu waliotoka Unguja bila ya yeye watu huiita karamu ya kula tu. Ameimba tangu msichana, na hata siku moja hajarekodiwa. Basi mwezi uliopita daktari wa Maskat akamwona uvimbe kooni. Akasema ukatwe upesi, na sauti anaweza akatoka nayo au asitoke nayo. Tulipofika nyumbani akavua buibui, akakaa, akasema: "Basi nataka santuri. Na nataka ikarekodiwe River Road."

Mume wangu Nassor akacheka akidhani mzaha. Mama, ungeingia sebuleni kwa Bi Zeyana ungeelewa. Pale wenzake wanapopanga mabuli ya kahawa na vyetezo vya ubani, yeye kapanga santuri na kanda, na karibu zote zimetoka studio za River Road, Nairobi. Kabla ya kuja Oman walikaa Mombasa, na enzi zile, anasema, kila mwenye sauti alikuwa akielekea huko: vikundi vya taarabu vya pwani, bendi za dansi kutoka Tanzania zikivuka mpaka na magitaa juu ya basi. Ana kanda moja ya wanawake wa Mombasa, katika wimbo wa pili inasikika honi ya gari barabarani. Kwake hiyo honi ndiyo utamu wenyewe. Hunyanyua kidole na kusema, "Sikia, mji unaitikia!"

"Mama, Maskat studio zipo, safi, zina baridi," Nassor akamwambia.

"Maskat watanipigia kinanda cha umeme na sauti yangu wataipaka poda. Nunua tikiti."

Akanunua, angefanyaje? Tukaenda Bi Zeyana, Nassor na udi wake wa kupiga, wifi yangu Khole aliyeolewa Sur, na mimi. Wapiga fidla na dumbaki wakatoka Mombasa. River Road ya leo ni maduka ya simu na mabegi mpaka kichwa kinauma, lakini studio bado zipo huko juu. Tukapanda ngazi, Bi Zeyana kanishika bega, anahema na anatabasamu. Fundi wa studio, mtu mzima mmoja aitwaye Njoroge, akatupokea vizuri: "Karibu mathe! Mmetoka Oman yote hiyo kunitafuta mimi?"

Sasa nikwambie aibu yetu. Bi Zeyana akaanza wimbo wa kwanza, na sauti ikatoka, mama, mpaka nikasisimka mwili. Hana uvimbe, hana miaka. Alipofika ubeti wa tatu Khole akashindwa. Akainuka, noti mkononi, anacheza kwa mabega, na kigelegele kirefu, anakwenda kumtunza mwimbaji wake! Na mimi huyo nyuma yake, kwa kigelegele changu. Khole akakumba kile chuma cha kipaza sauti, kikaangukia dumbaki, pu!

Njoroge akatoka kwenye chumba chake cha kioo kashika kichwa. "Wamama! Hii ni studio, si harusi!"

Sasa mama, tumelelewa vipi sisi? Mtu akuimbie maneno yakuguse, nawe ukae umekunja mikono kama unangoja zamu kwa daktari? Hiyo si ni dharau! Lakini ule wimbo mzuri ndio ulikwisha haribika, na koo la Bi Zeyana si la kuchezea. Tukatolewa nje mimi na Khole, mlango ukafungwa.

Tukiwa ukumbini tukamsikia anaanza, anaacha. Anaanza, anaacha. Kila akirudia sauti inazidi kukauka, nami najuta kwa kile kigelegele changu. Khole analia waziwazi. Mara mlango ukafunguka, Bi Zeyana mwenyewe. "Watoto hawa warudi ndani. Mie siuimbii ukuta. Asiponijibu mtu, nitajuaje kama nimefika?"

"Mathe, lakini kelele zitaingia kwa album," Njoroge akasema.

"Ziingie."

Njoroge akajikuna kichwa, halafu akacheka. Akatutundikia sisi kipaza sauti chetu peke yetu, kile cha Bi Zeyana akakifunga kwa kamba kwenye nguzo ya dirisha. "Haya, tunzeni, lakini mpitie upande huu."

Basi ndivyo tulivyorekodi. Nyimbo tatu alizimaliza barabara, vigelegele vyetu vyote ndani, na Khole kampa mpaka pete yake. Ya nne ndiyo ile aliyoachiwa na mamake. Katikati ya wimbo sauti ikakatika. Akafungua kinywa, hakikutoka kitu. Nassor akamwona, machozi yakamtoka, lakini mkono haukuacha udi. Nami nikadhani yamekwisha. Bi Zeyana akanivuta mtandio, akanisimamisha mbele ya kipaza sauti.

Nakumbuka nilichokuahidi siku ya harusi yangu, kwamba nimeolewa, na uimbaji ndio basi. Ahadi nimeishika miaka yote, nikaimba jikoni tu, nyimbo zake Bi Zeyana, yeye akinisikia. Siku ile, mama, niliimba. Bi Zeyana kaniwekea kiganja mgongoni, ananipigia mwendo kwacho, mpaka wimbo ukaisha. Njoroge akauliza kama turudie ule wa mwisho, Bi Zeyana akatikisa kichwa, akachukua mkoba wake.

Asubuhi yake tukapanda ndege, maana kitanda cha hospitali kilikuwa kinamngoja. Ningemwacha na nani nije Unguja? Niambie.

Amepasuliwa salama, uvimbe haukuwa ule mbaya, Mungu ashukuriwe. Ila sauti ndiyo imekwenda. Daktari anasema itarudi ya kunong'ona tu, na haijulikani lini. Yeye hakai akalia. Kila siku baada ya alasiri ananiita, naimba, anapiga makofi. Nikikosea anasimamisha makofi ananitazama, mpaka nirudie. Nimekoma!

Na nyimbo zimeshatapakaa kwa simu, kila harusi, kila gari. Wiki iliyopita ami yake Nassor akaja kutoka Nizwa. Akasifu, akasifu, halafu akasema ule mwisho niliouimba mimi ukatwe, si vizuri sauti ya mke wa watu kusikika kila gari. Nassor akababaika. Bi Zeyana akainuka taratibu, akatoka, akarudi na viatu vya ami, akaviweka mbele yake, ncha zimeelekea mlangoni. Ami kanywa kahawa yake akaondoka. Hakuna kilichokatwa.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Alkhamisi ijayo kuna harusi Mudhaibi, wametutaka, na wa kuongoza ni mimi. Nimekubali. Nguo nimeshashona, ya rangi ya zabibu. Sikuombi ruhusa mama, nitakuwa nakudanganya. Nakuomba radhi, maana sitaki kufungua kinywa changu hali moyo wako umefungwa. Mimi kuimba sikufunzwa na mtu. Nilikuwa nakusikia wewe ukiimba na huku unachagua mchele, ukinyamaza kila baba akiingia. Nani alikwambia uache, mama? Mpaka leo hujanambia.

Nisalimie baba sana, na dada na wanawe, na mjomba fundi wa saa, na shangazi yetu wa Pemba akija, na jirani muuza urojo aliyenilea kwa mikono yake. Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani mpelekee kipande cha halua, usiseme imekwisha.

Nilikuwa natia barua ndani ya bahasha, Bi Zeyana kanishika mkono. Kaniuliza kwa macho naandika kwa nani, nikamwambia ni kwako, uliyenipa sauti hii. Akanivuta karibu, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali nikamsikia, pumzi tupu, neno mojamoja: "Mwambie mamako... sauti yake nimeiazima. Aje... aichukue mwenyewe."

Mwanao akupendaye,
Maryam