Senti za Baba Zisioshwe

Mbeya, Jumapili mchana

Mdogo wangu Agnesta,

Kosa tunalofanya wengi ni kuosha sarafu ya zamani kabla ya kuihifadhi. Nisamehe kwa kulitanguliza hilo kabla ya salamu. Uliposema kwenye simu kwamba unataka kuzisugua senti za baba kwa majivu na limau, wajukuu wazikute ziking'aa, mtandao ukakatika kabla sijakujibu.

Sasa salamu yetu: kamwene. Magoti yanaendeleaje na baridi ya Kilolo? Kifua cha shemeji kimetulia? Sisi tu wazima. Mvua haijakatika tangu Jumatano na nguo zimejaa sebuleni.

Dada, nina jambo nililokuficha. Ile nusu yangu ya senti tulizogawana baada ya msiba wa baba, nimeiharibu. Nilizisugua zikawaka kama mpya. Nikamwomba fundi sanduku la paini, mbao zimetoka kupasuliwa juzi tu. Nikamwaga humo kiganja cha mchele wa Rujewa ili unyonye unyevu, kama tunavyofanya kwenye kikopo cha chumvi. Nilipofungua baada ya masika, senti zimeota unga wa kijani na mchele umegandana nazo. Mke wangu akachungulia: "Mwalimu, kumbe ulipanda mchicha!" Nilicheka naye, kisha nikatoka nikakaa uani peke yangu.

Unazikumbuka zilivyo: zina tundu katikati, na baba alizitunga kwenye kamba akazifunga kiunoni, akatembea nazo kutoka kwenye mkonge Tanga. Ile kamba ilikula ukingo wa tundu, ikaacha kijifereji. Ndicho ninachotaka wajukuu wakiguse. Kwenye zangu kimeliwa. Kimebaki kwako tu.

Ile rangi ya kahawia unayoiona uchafu ndiyo ngozi ya sarafu. Imejijengea yenyewe miaka mingi, na inaikinga. Ukiisugua unaichuna, na hewa inaanza kula upya. Mbao mbichi nazo bado zinapumua: zinatoa unyevu na mvuke mchachu, na ndani ya sanduku lililofungwa mvuke huo hauna pa kwenda. Kwa hiyo sanduku jipya alilokuchongea mwanao ni zuri, mshukuru sana, lakini litumie kuwekea vitabu vya nyimbo.

Tena ulikuwa umesema kwamba senti umeshaziweka darini jikoni, juu ya moshi, pamoja na mahindi ya mbegu! Hapo nilicheka kwa sauti. Mama alituzoesha kwamba kitu cha thamani kinakaa juu ya moshi. Kwa mahindi ni sawa, moshi unafukuza wadudu. Lakini nani amewahi kuona senti imetobolewa na dumuzi? Masizi na mvuke wa sufuria vitazimaliza.

Tumia lile kasha la mninga la mama, alilokuwa akiwekea vitenge. Limekauka tangu hatujazaliwa. Linuse kwanza, lisiponukia mbao wala dawa ya nondo, linafaa. Kila senti ifunge peke yake kwenye kipande cha shuka la pamba, jeupe, lililosuuzwa sabuni ikaisha na kukauka kabisa. Ishike kwa ukingo, maana jasho la vidole nalo linakula. Kasha likae chumbani, juu ya kabati, mbali na ukuta unaopigwa na mvua. Mifuko ya plastiki usiiguse.

Usininunie kwa kukuficha. Niliona haya, kaka mkubwa, tena mwalimu.

Msalimie shemeji, mwanao fundi na mkewe, na shangazi yetu mwambie dawa yake ya miguu nimeipata, naituma kwa basi. Wifi yako anakusalimu na anaomba mbegu za maharage mekundu.

Basi ukipata barua hii, kabla hujawasha moto wa jioni, panda darini uzishushe senti hizo.

Kaka yako akupendaye,
Zakaria