Mama Amesema Bado Nacheza

Jumapili, 9 Novemba

Kwa nini nilinyamaza? Leo baada ya ibada, hapa Barking, ughaibuni, Mama Neema alimuuliza mama yangu onyesho langu la baleti ni lini, maana anataka kumleta binti yake. Mama akajibu bila kupepesa macho, "Krismasi, Mungu akipenda." Nami nimesimama pembeni na chai yangu, natabasamu.

Ni miezi minane sasa tangu niache baleti kwa sababu ya kuumia kifundo cha mguu. Mama anajua. Ndiye aliyekuja kunisaidia kubeba vitu vyangu kutoka ukumbi wa mazoezi.

Kwenye basi nikamuuliza, "Mama, mbona umemdanganya?"

"Ningemwambia nini? Wewe sasa ni nani, mwanangu?"

Hakusema kwa ubaya. Alitaka kujua kweli.

Nikamjibu kwamba nafanya kazi ya mapokezi kwa daktari wa meno. Nilisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi.

Mama akatazama nje mpaka tukashuka. Mlangoni kwetu ndipo akasema, "Basi Jumapili ijayo utamwambia mwenyewe."

Nimesema sawa. Lakini tangu jioni natafuta sababu ya kutokwenda kanisani.