Mwalimu wa Kubaki Mahali Pangu

Kwa Vonza, Kitui
3 Julai 2025

Mpendwa dada Kanyiva,

Hujambo? Na shemeji Musyimi na watoto, hawajambo huko Eldoret? Ile baridi imewaachia vifua au bado mnakohoa? Mimi ni mzima, vumbi tu ndilo linatusumbua.

Uliniuliza kwenye simu mbona sijaenda Matiliku kumtunza mama, na sauti yako ilikuwa kali. Usinikasirikie, dada. Najua mama hawezi tena kuchota maji. Jirani yetu Nduku anamsaidia, lakini amechoka ingawa hasemi.

Unajua nilivyofungwa. Kanisa ndilo lilinisomesha ualimu, nami nikaahidi mbele ya washirika wote kwamba sitatoka hii nasari ya kanisa mpaka niache mwalimu mahali pangu. Kila mwanafunzi wa chuo akija kwa TP, yale mazoezi yao ya kufundisha, namfunza kwa moyo wote. Anaiva, anaondoka. Kisha Mzee Nzau, mwenyekiti wa kamati, ananisifu kanisani ati nina kipawa, na watu wanapiga makofi. Aki, yale makofi nayachukia!

Muhula huu nililetewa Wariara, msichana wa Murang'a. Mwanzoni alikuwa anapigia watoto kelele, wanalia, halafu wote wanakimbilia magoti yangu. Nikamwambia anong'one, watanyamaza ili wamsikie. Kisha nikatoka, nikakaa jikoni na mpishi wa uji. Dada, kusikia mtoto analia na ujizuie kwenda si mchezo! Nilikuwa nashikilia kiti kwa mikono miwili.

Kilio kikaanza kupungua. Siku moja nikachungulia dirishani. Mutindi, yule mdogo aliyekuwa haachilii sketi yangu, alikuwa amelala kwenye mapaja ya Wariara, na wenzake wanaimba chinichini. Hakuna hata mmoja aliyenitafuta. Nilifurahi mpaka nikatokwa na machozi. Mzee Nzau akakubali kumwajiri, na jioni hiyo nikapanga nguo zangu kwenye begi.

Juzi Wariara akanijia analia. Mamake amepooza upande mmoja, na yeye ndiye mtoto wa pekee. Akasema, "Mwalimu, najua ulitaka kwenda nyumbani. Ukiniambia nikae, nitakaa."

Ningesema nini, Kanyiva? Nilimwambia aende. Ile leso niliyomnunulia mama nikampa, ampelekee mamake.

Sasa nakuomba wewe, shule zikifungwa, maana hii nasari yetu haifungwi hata likizo, uende Matiliku hata kwa siku chache. Mama akiniulizia, mwambie nakuja. Usimwambie lini.

Salamu kwa shemeji, kwa Mbuvi na kwa Mutanu mdogo. Mungu awafunike nyote.

Nguo sijazirudisha kabatini. Kila asubuhi natoa moja kwenye begi, navaa, naenda darasani.

Mdogo wako anayekupenda,
Mbula