Nusu Kidonge cha Asubuhi

Baba Limi,

Michembe ya viazi iko kwenye sufuria, maziwa nimeyafunika. Jua likipanda, mfunge ndama kivulini.

Asubuhi nilikutukana mbele ya mtoto kwa sababu ulinipa nusu kidonge cha usingizi badala ya kizima. Daktari ndivyo alivyoagiza, nipunguze kidogo kidogo hadi niache, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuomba uvifiche vidonge. Tangu tumzike mwanetu Dominiko, miaka saba sasa, sijalala bila vidonge hivyo. Nimechoka hata kuchana nywele.

~~Niachie kimoja kizima chini ya kikombe, cha leo tu.~~

Mstari huo nimeukata, usiufuate.

Nimekwenda Mhunze kwa dada. Jioni nikirudi nikaomba kizima, kataa. Nikilia, kaa nami, lakini kataa.

Mama Limi